Mtama wa malisho huku Pemba: nipande lini, nilishe vipi, na kweli unaua ng'ombe?

Mfugaji wa Konde

Assalaam alaykum wakubwa na wadogo. Nina ng'ombe watatu chotara, wawili wa maziwa na mtamba mmoja, kila mmoja kwenye kilo 300 hivi. Ardhi niliyo nayo ya kulimia malisho ni nusu eka, mteremko wa udongo mwekundu, na chini yake kipande cha bonde kinachotuama maji masika. Nepia, yale majani ya tembo, ipo mipakani tu, na kila ikifika Januari inasinyaa, yanabaki mabua. Mpaka Machi mvua ianze, ni kuhangaika na majani ya barabarani.

Nimesoma maelekezo ya Wamarekani juu ya nyasi za msimu mmoja za majira ya joto: mtama wa Sudan, chotara ya mtama na Sudan, uwele wa malisho. Wanasema zinakua upesi na zinaliwa mara mbili tatu kabla ya kufa. Sasa nauliza: kwetu zipandwe lini? Mbegu kiasi gani kwa nusu eka? Uwele au mtama? Naweza kuwafunga ng'ombe humo humo kwa kamba au lazima nikate? Na jirani yangu ananiambia mtama mchanga unaua ng'ombe kabla hujamaliza kumwita daktari. Ni kweli au ni maneno ya barazani?

Bibi Shamba wa Dole

Waalaykum salaam ndugu yangu. Jirani yako hakukosea, lakini hilo waachie wanaojua matibabu. Mimi nianze na upandaji.

Kwanza zisahau tarehe za Wamarekani. Wao wanangoja udongo upate joto la nyuzi 16 mpaka 18 ndipo wapande, na wanakwisha baridi ya jalidi inapoingia. Udongo wa Pemba hauteremki kufikia hapo mwaka mzima. Kinachotuongoza sisi ni mvua. Kwa shida yako ya Januari, panda kwa mvua za mwanzo za vuli, tangu katikati ya Oktoba hadi wiki ya kwanza ya Novemba. Ukata wa kwanza, yaani kukata kwa mara ya kwanza, utaupata Disemba, na maotea yake, yaani machipukizi yanayoota tena baada ya kukatwa, ndiyo yatakayokuvusha Januari. Ukichelewa mpaka Disemba, mmea utapata mvua ya kuotea na utakosa ya kukulia.

Masika panda mapema, mvua za mwanzo za Machi, au ngoja mwisho wa Mei mvua zikilegea ili mmea ule unyevu uliobaki na zile mvua za mchoo. Katikati hapo, Aprili, usipoteze mbegu. Kwenye mteremko zinachukuliwa na maji, bondeni zinaoza.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi dukani: kuna mbegu zinasifiwa kuwa "hazitoi shuke", zinabaki majani matupu miezi mingi. Sifa hiyo ni ya nchi za mbali na ikweta. Mbegu za namna hiyo hungoja siku ifupike chini ya saa 12 na dakika 20 hivi ndipo zichanue. Pemba iko nyuzi 5 kusini ya ikweta, na siku yetu ndefu kupita zote, Disemba, ni saa 12 na dakika 25 tu. Kwa hiyo karibu mwaka mzima mmea unapewa ruhusa ya kuchanua. Usilipie bei ya juu kwa sifa ambayo huku haifanyi kazi.

Uwele au mtama? Kwa mteremko wako ningepanda chotara ya mtama na Sudan sehemu kubwa, na uwele sehemu ndogo. Chotara ina wingi wa majani na maotea yake yana nguvu. Uwele unavumilia zaidi udongo wa kichanga na wenye uchachu, na hauna ile sumu ya sianidi iliyomo kwenye mtama. Ila hautaki kabisa maji yaliyotuama. Bondeni usipande hata kimoja kati ya hivi.

Mbegu za chotara kwa nusu eka ni kilo 5 hadi 6 ukipanda kwa mistari ya sentimita 30, kina cha sentimita 2 hadi 3. Hiyo ni kama mbegu 30 kwa kila mita ya mstari. Ukimwaga kwa mkono zinataka kilo 8, na bado kunguru watakula zilizobaki juu. Uwele ni kilo 3 hadi 4 kwa eneo hilohilo, na kina kisizidi sentimita moja na nusu kwa sababu punje yake ni ndogo, ikizikwa sana haitoki. Usiogope msongamano: mtama wa nafaka tunaupa nafasi, huu tunaubana makusudi ili mabua yawe membamba na ng'ombe asiyaache.

Mbolea: samadi iliyoiva tani 2 kwa nusu eka, yaani toroli 40 za kilo 50, ichanganywe na udongo kabla ya kupanda. Mbolea ya kupandia ya DAP kilo 25 kwenye mistari, lakini isigusane na mbegu. Wiki ya tatu palilia, kisha tia urea kilo 10. Baada ya kila ukata urea kilo 20, na itiwe udongo ukiwa na unyevu. Urea ikimwagwa juu ya udongo mkavu siku ya jua kali, sehemu nzuri ya pesa yako inakwenda na upepo.

Sasa hesabu, maana wengi wanapanda bila kujua wanapandia nani. Ng'ombe wa kilo 300 anakula kama kilo 9 kwa siku ukipima chakula kikavu kisicho na maji. Watatu ni 27. Tuseme mtama uwape 18, zilizobaki zitoke kwenye majani ya mti wa grilisidia, machicha ya nazi na pumba. Mtama mbichi ni maji zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo kilo 18 kavu ni kama kilo 100 mbichi kila siku. Nusu eka ni mita za mraba 2,000. Ukitunza vizuri, ukata mmoja unatoa kama robo kilo kavu kwa mita moja ya mraba. Igawe vipande vinne vya mita 10 kwa 50, vikae vikikingama mteremko, na kila kimoja ukipande wiki moja baada ya mwenzake. Kipande kimoja kinawalisha siku 7. Ukimaliza cha nne, siku 28 zimepita na cha kwanza kimeshapanda tena. Wakosaji wengi hupanda nusu eka yote siku moja: wiki ya sita wana majani wasiyoyamaliza, wiki ya kumi yote yamekuwa kuni.

Kata ikiwa na urefu wa sentimita 90 hadi 120. Acha kisiki cha karibu shibiri moja, sentimita 15 mpaka 20. Akiba ya maotea imo humo, na macho ya kuchipulia yako kwenye vifundo vya chini. Anayekata mpaka udongoni anapata mzigo mkubwa siku hiyo, halafu anasubiri maotea yasiyokuja.

Kamba na Kigingi

Kuhusu kuwafunga humo humo: inawezekana, ila ujue gharama yake.

Kamba ya mita 4 inampa ng'ombe duara la mita za mraba 50. Kwa kipimo cha Bi Shamba humo mna kilo 12 na nusu kavu. Atakula sehemu 6 kati ya 10, nyingine atazikanyaga, atazilalia na kuzinyea. Basi anapata kilo 7 na nusu, si mbaya. Lakini kile kipande kilichokuwa siku 7 kwa kukata kinakwisha siku 3 au 4. Kwa mwenye nusu eka hiyo ni hasara isiyo na sababu. Mwenye eka tatu nne na hana mtu wa kukata, hapo sawa.

Ukiamua kufunga, usipige kigingi katikati ya shamba. Kipige ukingoni, ng'ombe asimame upande ulioliwa na ale nusu duara mbele yake. Asubuhi nusu duara, adhuhuri sogeza kigingi mita 4 kufuata ukingo. Akiwa katikati anazunguka, kamba inajifunga kwenye mabua na anang'oa mashina yenye mizizi, hasa udongo ukiwa laini. Siku ya mvua kubwa usimwingize kabisa.

Waingize mtama ukiwa na sentimita 60 hadi 90. Ukipita mita moja anachuma majani ya juu na kuliacha bua. Mabua yaliyobaki yakate kwa panga usawa wa shibiri, siku ileile, yasije yakazuia maotea.

Na hili ndilo watu wa kamba tunalolisahau: ng'ombe asiweze kufika nyuma alipokula juzi. Maotea ya siku ya nne au ya tano ni matamu, ataacha majani marefu mbele yake arudi kuyafuata. Shina linakufa kwa kung'atwa mara ya pili, na kwa mtama maotea hayo ndiyo yenye sumu kuliko yote. Kamba ikirefuka kwa uvivu wa kusogeza kigingi, matatizo yote mawili yanakuja pamoja.

Mfugaji wa Konde

Shukrani sana. Nitakata. Hiyo hesabu ya vipande vinne nimeipenda. Hebu sasa kwenye sumu: nikikata jioni nikaweka bandani mpaka asubuhi, inakuwa salama zaidi au mbaya zaidi? Na nitajuaje kama ng'ombe ameshakula iliyo mbaya?

Dawa za Mifugo

Ndugu wa Konde, sumu ziko mbili na watu wanazichanganya. Kinga ya moja si kinga ya nyingine, kwa hiyo soma kwa utulivu.

Ya kwanza ni sianidi. Jamii yote ya mtama, wa nafaka, wa Sudan na machotara, ina kitu ndani ya majani ambacho mmea ukitafunwa au ukipondeka kinageuka kuwa sianidi. Kinakuwa kingi kwenye majani machanga na machipukizi, na kwenye mmea uliodumaa kwa ukame. Hatari kubwa kabisa ni ukame ukikatika: mvua inanyesha, mtama uliokuwa umesinyaa unatoa chipukizi nyororo chini, na ng'ombe mwenye njaa ya kiangazi anaachiwa humo. Kwenu Pemba ndiyo hali ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi. Huko Ulaya na Marekani wanaogopa jalidi, sisi tuogope mvua ya kwanza baada ya jua refu.

Kanuni ya urefu: mtama wa Sudan usiliwe chini ya sentimita 45, chotara isiliwe chini ya sentimita 60. Pima chipukizi fupi zilizo shambani, usidanganywe na bua moja refu. Mtama wa kawaida wa nafaka una sumu zaidi ya hao, kwa hiyo anayetaka kulisha mabaki ya mavuno yenye machipukizi asimame hapo kwanza. Mvua ikija baada ya ukame, kaa nao mbali mpaka machipukizi mapya yafike kimo hicho.

Dalili zinakuja haraka, mara nyingi ndani ya dakika 10 hadi 20 tangu aanze kula. Anahema kwa nguvu mdomo wazi, anatoa mate, anatetemeka misuli, anayumba, anaanguka. Ufizi na damu vinakuwa vyekundu vya kung'aa, kwa sababu hewa imo kwenye damu lakini mwili umezuiwa kuitumia. Akifa mapema unamkuta mdomoni bado ana majani. Tiba ipo, sodiamu thaiosalfeti kwenye mshipa, na hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Wewe kazi yako ni kuwatoa wote shambani papo hapo, hata wasioonyesha dalili, na kupiga simu. Usimkimbize mgonjwa, kila hatua inamla pumzi.

Ya pili ni naitreti. Hii haichagui: imo kwenye mtama, imo kwenye uwele, hata mahindi na nepia. Mmea unafyonza naitrojeni kutoka kwenye urea na samadi, na kama mawingu au ukame umeuzuia kukua, naitrojeni inabaki bila kazi ndani ya bua. Kwa hiyo aliyehamia kwenye uwele akidhani amekimbia kila kitu, amekimbia moja. Dalili zinachelewa kidogo, saa kadhaa: udhaifu, kuhema, ufizi wa rangi ya kijivu au ya samawati, na damu ya rangi ya chokoleti. Mwenye mimba anaweza kutupa. Tiba yake ni methileni ya buluu, tena kwa daktari. Angalia tofauti ya damu, mwambie daktari kwa simu umeiona ya rangi gani, itamsaidia kujua abebe dawa ipi.

Sianidi imo juu, kwenye majani machanga. Naitreti imo chini, kwenye bua karibu na udongo. Ndiyo maana ukiwa na wasiwasi na naitreti, kisu kinapanda: acha sentimita 30 badala ya 15. Ngoja wiki tatu baada ya urea. Mvua ikivunja ukame ngoja siku 7 hadi 10 kabla ya kukata, maana mvua hiyo inaamsha mizizi ikafyonza kwa pupa kabla majani hayajaweza kutumia.

Sasa swali lako la kukata jioni. Kwa sianidi, majani yaliyonyauka nusu nusu yasihesabiwe kuwa salama. Kwa naitreti ni vibaya zaidi: rundo bichi lililolundikwa usiku linapata joto, vijidudu vinaigeuza naitreti kuwa naitraiti, na hiyo ina sumu takriban mara kumi. Ukitia mkono katikati ya rundo asubuhi ukakuta joto, usimpe ng'ombe. Kata asubuhi, lisha siku hiyo. Ikibidi kukata jioni, tandaza nyembamba kivulini.

Ukiyakausha mpaka yakawa makavu kabisa, sianidi inapungua sana lakini naitreti inabaki vilevile. Ukifanya sileji, yaani majani mabichi yaliyoshindiliwa na kufungwa bila hewa mpaka yakachachuka, zote mbili zinapungua. Iache ifungwe wiki 3 hadi 4.

Desturi za kila siku: usimpe mtama ng'ombe mwenye njaa. Ashibe kwanza nepia au majani makavu, kisha mtama. Siku tano za mwanzo changanya nusu kwa nusu ili tumbo lizoee. Jiwe la chumvi lenye salfa liwepo bandani muda wote, kwa sababu mwili unatumia salfa kuiondoa sianidi, na mtama wenyewe una salfa kidogo.

Na wenye punda: msiwape mtama wa Sudan wala chotara yake, hata mabaki ya hori. Farasi na punda wanaolishwa muda mrefu wanaugua kibofu, mkojo unawachuruzika na miguu ya nyuma inalegea. Hawa wapewe uwele.

Uwanda wa Kusini

Naongeza kwa ajili ya watu wa Makunduchi, Muyuni, Micheweni na kote kwenye matumbawe, maana maelezo ya Bi Shamba ni ya wenye bahati ya udongo.

Kwenye uwanda, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, mtama na uwele vyote huwa njano wiki ya tatu au ya nne. Mtu anakimbilia urea, anaongeza, njano haitoki. Tazama jani: likiwa njano kati ya mishipa huku mishipa yenyewe ya kijani, na majani machanga ndiyo yaliyoathirika zaidi, hiyo ni njaa ya chuma. Chokaa ya matumbawe inakifunga chuma kisichukuliwe na mizizi. Njaa ya naitrojeni inaanza chini, kwenye majani ya zamani, ikipita katikati ya jani kama ulimi. Kuongeza urea kwenye njaa ya chuma ni kumwandalia ng'ombe ile naitreti iliyosemwa juu: mmea haukui na naitrojeni inaingia.

Dawa: feri salfeti gramu 200 kwa pampu ya lita 20, tia sabuni kidogo ishike kwenye majani, nyunyiza jioni, rudia baada ya siku 10. Kuitia kwenye udongo ni bure, inafungwa palepale. Cha kudumu ni samadi nyingi kwenye vile vishimo vya udongo kati ya mawe. Mistari ya sentimita 30 kwetu haipo, panda kwa vishimo, mbegu 6 hadi 8 kila kimoja.

Halafu kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama. Ukiona kimea kidogo chenye ua jekundu, la waridi au jeupe chini ya mtama uliodumaa, king'oe kabla hakijafanya mbegu. Mbegu zake ni vumbi, zinakaa ardhini miaka mingi, na zinaenea kwa samadi ya ng'ombe aliyekula mmea wenye kiduha.

Mzee wa Nepia

Mimi siwaelewi. Nepia ukiipanda mara moja unakula miaka. Mtama kila msimu mbegu, mbegu za chotara ukizirudia zinatoka vurugu, na juu yake sumu mbili. Kwa ng'ombe watatu? Panda nepia nusu eka nzima, tia samadi, yaishe.

Bibi Shamba wa Dole

Mzee wangu, nakubali robo tatu ya maneno yako. Kama ardhi ni yako na unaweza kungoja, nepia ndiyo msingi na mtama ni kiraka. Lakini vipandikizi vya nepia vinataka kama miezi mitatu kabla ya ukata wa kwanza, na mtama ni wiki 6 au 7. Anayepanda Oktoba kwa njaa ya Januari hana miezi ya kungoja. Na shamba la kukodi msimu mmoja huwezi kulitia nepia, mwenyewe atakudai uing'oe.

Kwa mfugaji wa Konde ningefanya hivi: vipande vinne vya mtama vuli hii, na masika kile cha mwisho kigeuzwe nepia. Mwaka wa pili geuza kingine. Bondeni kunakotuama tia majani yanayopenda maji, nyasi za para, yakate kiangazi maji yakipungua.

Gharama ya mbegu inapungua ukitumia uwele wa sokoni, ule wa kula. Si chotara, unarudia mbegu yako mwenyewe, unatoa ukata mara mbili ukiwahi kabla ya shuke. Jaribu kuotesha punje 100 kwenye kitambaa kibichi: zikitoka chini ya 80 ongeza kipimo, zikitoka chini ya 60 tafuta nyingine. Angalia pia kama zimetiwa dawa ya wadudu wa ghalani.

Kuhusu viwavijeshi vamizi, maana vinapenda mtama karibu sawa na mahindi: ukikuta matundu kwenye majani ya katikati na kinyesi chao chenye unyevu kama vumbi la msumeno ndani ya moyo wa mmea, na mtama umeshapita sentimita 60, kata ulishe mapema. Usipige dawa kwenye chakula cha wiki ijayo. Ukiwa mdogo bado na umevamiwa sana, piga jioni ndani ya moyo wa mmea, na siku zilizoandikwa kwenye chupa zihesabu kwa ng'ombe kama unavyozihesabu kwa mtu, kwa sababu maziwa unayanywa wewe.

Mfugaji wa Konde

Nimepata zaidi ya nilichouliza. La mwisho: Disemba mvua ikiwa nzuri na vipande viwili vikaiva pamoja, ziada niifanye nini? Kukausha huku kwetu na unyevu huu sidhani.

Kamba na Kigingi

Kukausha acha. Bua la mtama ni nene, majani yanakauka na kuvunjika huku ndani ya bua bado maji, ukilundika linaota ukungu. Fanya sileji ndogo ndogo.

Ziache zile za ziada zisonge mbele mpaka punje iwe laini ya kubonyea kwa ukucha, imepita maziwa na bado haijawa ngumu. Katakata vipande vya sentimita 2 hadi 3. Kamata fumba la majani yaliyokatwa, lifinye kwa nguvu nusu dakika, fungua kiganja: likibaki donge na maji yakichuruzika, ni bichi mno, lianike saa chache. Likifunguka polepole na kiganja kikabaki na unyevu tu, tayari. Likitawanyika mara moja limekauka sana, halitashikana wala kutoa hewa. Molasi si lazima kwa mtama, una sukari yake. Nepia ndiyo inayoomba molasi.

Pipa la plastiki la lita 200 linabeba kilo 100 hadi 120 ukishindilia kwa miguu, tabaka la shibiri moja kwa wakati. Kosa ni kulijaza mpaka juu ndipo ukanyage. Hewa ya chini haitoki tena, na hapo ndipo panapooza. Kwa ng'ombe watatu mimi napendelea mifuko ya nailoni minene, miwili mmoja ndani ya mwenzake, halafu polo (gunia) nje, kilo 30 au 40. Ukimpa kila mmoja kilo 10 kwa siku, mfuko unakwisha siku hiyohiyo. Pipa linachukua siku nne, na kwa joto letu siku ya tatu juu yake pameanza kupata moto na ukungu.

Iweke mbali na panya, wanatoboa nailoni na tundu la kidole linaharibu kilo kadhaa kulizunguka. Iliyo nzuri ina rangi ya zaituni na harufu ya uchachu kama ya matunda. Ikinuka kama siagi iliyooza, au ina ukungu mweupe au wa buluu, usiipunguze kwa kuchanganya na nzuri; tupa kwenye shimo la samadi. Na wakati wa kukamua iwe nje ya banda, maana maziwa yanabeba harufu. Mpe baada ya kukamua, asubuhi.

Dawa za Mifugo

Na kwenye sileji hiyo: siku ya kuufungua mfuko wa kwanza, ufungue nje penye upepo, uso wako usiuinamie. Kama mtama ulikuwa na naitreti nyingi, gesi yake ya rangi ya manjano nyekundu inajikusanya ndani siku za mwanzo baada ya kufunga, na inaunguza mapafu ya mtu. Ndiyo sababu nyingine ya kungoja zile wiki tatu.